Mwalimu wa Kanga Amuulize Nani?

Mwalimu anapokwama darasani, humuuliza nani? Swali hili halimo katika fomu tunazozijaza tunapowatathmini walimu wanafunzi, wala sijaliona katika mitihani tunayowatungia wanaosomea shahada ya ualimu. Tunapima andalio la somo, matumizi ya ubao, sauti, na jinsi mtu anavyolimudu darasa. Tunaendesha mambo kana kwamba mhitimu ameondoka chuoni na akiba ya maarifa itakayomtosha kwa miaka 30 ya utumishi. Kila aliyewahi kushika chaki anajua kwamba akiba hiyo huisha mapema, pengine kabla muhula wa kwanza haujafungwa. Baada ya hapo mwalimu huishi kwa kuuliza. Akimkosa wa kumuuliza, huishi kwa kukariri, na wanafunzi wake hukariri pamoja naye.

Nimekuwa na swali hili kwa miaka mingi, lakini lilinielemea zaidi nilipokwenda Mafia kuwatembelea wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Sehemu ya ziara hiyo ilinifikisha Kanga, kaskazini mwa kisiwa, mbali na Kilindoni yalipo makao makuu ya wilaya, na mbali zaidi na Utende na ghuba ya Chole wanakofikia watalii. Huku ni kwa wakulima wa minazi na mikorosho, na kwa wavuvi. Anayetoka bara huvuka maji kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, kisha hutafuta usafiri wa nchi kavu kuelekea kaskazini. Safari si ya kutisha, ila inatosha kumfanya mtu aelewe kwa nini barua, vitabu na walimu huchelewa kufika.

Katika shule moja ya serikali upande huo nilizungumza kwa muda mrefu na mwalimu wa fizikia, binti wa bara aliyekuwa na miaka michache kazini. Sikwenda kumtathmini yeye. Alikuwa mwenyeji wa mwanafunzi wangu. Aliniambia jambo moja ambalo nililiandika jioni ileile. "Mwalimu," alisema, "watoto hawa wanajua kwa nini ngalawa huelea. Baba zao na babu zao huziunda. Lakini nikiiandika kanuni ya Archimedes ubaoni kwa Kiingereza, darasa zima linazama." Nikamuuliza amewahi kumwuliza nani namna ya kulivuka tatizo hilo. Akatabasamu. "Fizikia hapa nafundisha peke yangu. Huwa najiuliza mwenyewe, kisha najijibu mwenyewe."

Mwalimu huyo hakuwa mtu aliyekosa chombo. Alikuwa na simu, na alikuwa na kishikwambi, kimojawapo cha vile walivyopewa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022. Alikuwa mwanachama wa makundi sogozi kadhaa ya walimu, na simu yake haikukaa kimya. Nilipomwomba anieleze yanayozungumzwa humo, alinihesabia: takwimu za mahudhurio zinazotakiwa kabla ya saa 6 mchana, matangazo ya vikao, maagizo ya kujaza fomu, salamu za rambirambi, na picha za viongozi wakizindua kitu. Swali la fizikia halikuwahi kupita humo. Mtandao ulikuwa umemfikia, lakini ulimfikia kama tarishi anayeleta maagizo na kuondoka na majibu. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mwalimu huyu amezungukwa na Bahari ya Hindi, amebeba mfukoni chombo kinachoweza kumfikisha popote duniani, na bado kitaaluma anaogelea ndani ya kifuu.

Haikupita muda nikakutana na rafiki yangu anayefundisha katika shule mojawapo ya Wajesuiti jijini Dar es Salaam. Naye ni mwalimu wa sayansi, mwenye matatizo yanayofanana na ya yule wa Kanga: silabasi ndefu, vipindi vifupi, wanafunzi wengi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na watu wa kuwauliza. Alinionesha mazungumzo yake na mwalimu wa India na mwingine wa Kolombia kuhusu namna ya kufundisha mada ya maji. Wanafunzi wa shule hizo tatu walikuwa wamepima maji ya mitaani kwao na kubadilishana matokeo. Hakuna aliyewaagiza. Hakuna fomu iliyojazwa. Walimu watatu ambao hawajawahi kuonana walikuwa wakijadiliana kazi, kila mmoja akiwa huru kusema kwamba njia fulani aliijaribu na haikufaa.

Nikataka kujua jambo hilo limejengwaje, maana nilishaona majukwaa mengi ya mtandaoni yakizinduliwa kwa ngoma na kufa kabla ya msimu kwisha.

Wajesuiti ni shirika la watawa wa Kikatoliki lililoasisiwa na Ignatius wa Loyola na kuidhinishwa na Papa mwaka 1540. Shule yao ya kwanza kwa ajili ya wanafunzi wa kawaida ilifunguliwa Messina, Sicilia, mwaka 1548. Leo mtandao wao una shule zaidi ya 800 za msingi na sekondari, mbali na zile za Fe y Alegría, harakati ya elimu kwa maskini iliyoanzia Caracas mwaka 1955. Hapa kwetu wanazo Loyola iliyoko Mabibo, Dar es Salaam, na St. Peter Claver ya Dodoma. Nairobi wanayo St. Aloysius Gonzaga, iliyoanzishwa kwa ajili ya vijana wa Kibera waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Gulu wanayo Ocer Campion, iliyofunguliwa mwaka 2010 katika eneo lililokuwa limetoka vitani. Bukavu wanayo shule kongwe yenye jina la Kiswahili safi, Alfajiri.

Mwaka 2015 shule hizi zilipata jukwaa la pamoja la mtandaoni liitwalo Educate Magis. Neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "zaidi". Mwalimu wa shule yoyote ya mtandao huo hujiandikisha, akaziona shule nyingine katika ramani, akatafuta darasa la kushirikiana nalo, akasoma yaliyoandikwa na wenzake. Ukitazama haraka utasema siri ni teknolojia. Lakini tazama mpangilio wa miaka. Mwaka 2012 viongozi wa shule hizo walikutana Boston. Mwaka 2014 walikutana tena Manresa, Hispania, kujadili namna yao ya kufundisha. Jukwaa likaja katikati ya mazungumzo hayo, kisha mwaka 2017 wajumbe wa elimu kutoka kila pembe wakakutana Rio de Janeiro na kuahidi kwamba shule zao zitashiriki. Watu walikwishakaa pamoja, wakaulizana na kubishana, ndipo chombo kikaletwa kuwasaidia kuendelea. Sisi mara nyingi huanza na chombo, kisha tukangoja mazungumzo yajizalishe.

Tena mizizi yenyewe ni ya kale kuliko mikutano hiyo. Tangu mwanzo Ignatius aliwadai wenzake barua. Kila aliyetumwa mbali alipaswa kuandika mara kwa mara: ameona nini, amefundisha nini, ameshindwa wapi. Kuanzia mwaka 1547 alikuwa na katibu, Juan de Polanco, ambaye kazi yake ilikuwa kuzipokea barua hizo, kuzijibu, na kuhakikisha yaliyo na faida yananakiliwa na kupelekwa kwa wengine. Pwani yetu imo katika barua hizo. Mwaka 1542 Francis Xavier alipitia Malindi akielekea Goa, akasimulia baadaye katika barua kwamba mkubwa mmoja wa mji, Mwislamu, alimuuliza kama huko kwao watu bado wanahudhuria makanisani, kwa kuwa hapo Malindi misikiti mingi ilikuwa imepoteza waumini. Watu wawili wa dini mbili walikutana kwenye wasiwasi mmoja, na mazungumzo yao yakasafiri hadi Ulaya. Tusisahau kwamba barua hiyo ilisafiri katika merikebu za Wareno zilizobeba pia mizinga, na Pwani hii iliijua mizinga hiyo vizuri. Ninachokitaja hapa ni utaratibu wa mawasiliano, na utaratibu huo ulikuwa wa makini.

Utaratibu huohuo ndio uliozaa mtaala wao. Rasimu ya mwaka 1586 ilipelekwa mikoani ili walimu waisome na kuikosoa. Maoni yakarudi, ikatolewa nyingine mwaka 1591, nayo ikapelekwa ikajaribiwe. Ile ya mwisho, iitwayo Ratio Studiorum, ilitoka mwaka 1599. Miaka 13 ilipita tangu rasimu ile ya kwanza, katika zama ambazo barua ilisafiri kwa farasi na kwa tanga.

Nikiyasema haya mbele ya wanafunzi wangu, hupokea pingamizi mbili, na zote zina uzito.

Ya kwanza ni ya wanaharakati. Wanasema shule hizi nyingi ni za ada, wanaoingia humo ni watoto wa wenye nafasi, na jumuiya ya kimataifa ya walimu wao ni ukuta mwingine kati ya waliopewa na walionyimwa. Pingamizi hili Wajesuiti wenyewe walishalisikia kutoka kinywani mwa mkuu wao. Tarehe 31 Julai 1973, huko Valencia, Pedro Arrupe aliwauliza waliosoma katika shule za shirika lake kama walilelewa kwa ajili ya haki, na akajibu mwenyewe kwamba hapana, hawakulelewa hivyo. Aliwataka wawe watu kwa ajili ya wengine. Kibera na Gulu ni sehemu ya jibu la wito huo. Hata hivyo, pingamizi linabaki. Shule zilipofungwa nchini mwetu Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na nyingi kukaa hivyo hadi mwishoni mwa Juni, tofauti kati ya mwalimu mwenye jumuiya na asiye nayo ilionekana wazi. Mwenye jumuiya aliuliza wenzake wanafanya nini, akaiga, akarekebisha, akaendelea. Asiye nayo alisubiri tangazo. Lakini tiba ya dhuluma hiyo haiwezi kuwa kumvunjia mwenzetu jumuiya yake. Tiba ni kumjengea mwalimu wa umma jumuiya iliyo bora kama ile.

Pingamizi la pili huulizwa kwa upole zaidi: mambo ya mapadri yanaihusu nini Kanga, kijiji cha Waislamu? Jibu ni kwamba Kanga na Pwani yote ilikuwa na jumuiya za walimu zisizo na mipaka kabla ya dola hii kuzaliwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani hakuwa kisiwa. Alikuwa na mwalimu wake, naye alikuwa na wake, na silsila hiyo ilivuka bahari. Habib Saleh, aliyeuasisi Msikiti wa Riyadha kule Lamu, alikuwa mtu wa asili ya Ngazija. Maulidi yaliyopata umaarufu katika msikiti huo yalitungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut. Wanafunzi walifika Lamu kutoka sehemu nyingi za Pwani, wakasoma, wakarudi kwao na kufungua vyuo, na wakaendelea kuandikiana na walimu wao. Yote hayo yalifanyika kwa jahazi na kwa kalamu ya mwanzi. Anayedhani kwamba jumuiya ya kimataifa ya walimu ni wazo la kigeni huku Pwani hajaisoma Pwani.

Na ulimwengu nao unaijua Kanga. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alianza utafiti Mafia kaskazini mwaka 1965, na kwa miongo kadhaa amekuwa akirudi na kuandika. Yaliyosimuliwa na watu wa Kanga kuhusu ardhi, ndoa, maradhi na mizimu yanasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Kwa hiyo dunia imekuwa ikiiuliza Kanga maswali kwa zaidi ya nusu karne, na Kanga imejibu kwa ukarimu. Ninachotamani ni zamu igeuke: Kanga nayo iulize, na ijibiwe.

Sisi wenyewe tuliwahi kuijenga jumuiya ya namna hiyo, na Mafia ilikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1970 Mafia na Ukerewe zilikuwa miongoni mwa wilaya 6 zilizoteuliwa kutangulia katika kampeni ya kufuta ujinga. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kusoma na kujadili. Vijana wa leo hudhani kampeni ile ilikuwa redio tu. Ilikuwa redio, kitabu, na kiongozi wa kikundi aliyefunzwa kazi yake. Redio ikizimwa, watu walibaki wamekaa duara, wakiulizana kuhusu kisima chao na choo chao, kisha wakaenda kuchimba. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipohitaji walimu wengi kwa ajili ya elimu ya msingi kwa wote, vijana walifunzwa ualimu wakiwa vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa wakufunzi waliowatembelea. Mpango ule ulikuwa na upungufu mwingi, na wanahistoria wa elimu wameuandika. Lakini ulikuwa na kitu ambacho kishikwambi hakina: mtu mwenye jina, aliyelipwa mshahara ili akujibu.

Nikiyaweka pamoja mambo haya, kuanzia Messina hadi Riyadha na hadi vikundi vya Mtu ni Afya, naona nguzo tatu. Ya kwanza ni nia inayojulikana na wote: kila mwanajumuiya anaweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini anafundisha. Ya pili ni wajibu wa kuandikiana, tena kuandika yaliyoshindikana pamoja na yaliyofaulu. Ya tatu ni mhudumu wa jumuiya: Polanco, sheikh wa chuo, kiongozi wa kikundi, mkufunzi wa kijiji. Nguzo hizi zikisimama, chombo chochote hufaa, hata jahazi. Zikikosekana, chombo bora kabisa hugeuka kuwa sanduku la maagizo.

Serikali haijalala. Upo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kwa jina la MEWAKA, unaozitaka shule ziwe na jumuiya za ujifunzaji, na Taasisi ya Elimu Tanzania inao mfumo wa kujifunzia mtandaoni kwa ajili ya walimu. Vipo pia vituo vya walimu vilivyojengwa miaka iliyopita katika wilaya nyingi, ingawa vingine vimepata matumizi mengine. Katika karatasi, kwa hiyo, mwalimu wa Kanga anayo jumuiya. Katika maisha, jumuiya hiyo ni ya walimu wa shule yake, ambao hakuna miongoni mwao anayefundisha somo lake. Na mfumo wa mtandaoni humpa moduli za kusoma, jambo jema, lakini moduli haiulizwi swali la ngalawa.

Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024. Sitaki kurudia mjadala wa maudhui yake. Nauliza jambo dogo la kiutendaji: mwalimu akigundua kwamba mada fulani haifundishiki kwa vipindi vilivyotengwa, au kwamba mfano uliomo kitabuni haueleweki kwa mtoto wa mvuvi, amwandikie nani? Na nani ana wajibu wa kumjibu, kwa muda gani? Mwalimu anayejua kwamba atajibiwa huandika. Asiyejua hunyamaza, na ukimya wake huhesabiwa kuwa kuridhika.

Liko suala jingine ambalo hata Wajesuiti hawajalitatua, na ndilo ninaloliona kuwa fursa yetu. Jukwaa lao huendeshwa kwa Kiingereza, Kihispania na Kifaransa. Mwalimu wa Alfajiri, Bukavu, hufundisha kwa Kifaransa. Mwalimu wa Loyola, Mabibo, hufundisha kwa Kiingereza. Wakikutana jukwaani kila mmoja huja na lugha ya darasani kwake, na huenda wasielewane, ilhali wangekutana sokoni wangenunua samaki, wakapatana bei na kuulizana hali za watoto kwa Kiswahili bila kigugumizi. Lugha inayowaunganisha hubaki mlangoni, na zinazowatenganisha ndizo hualikwa ndani. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Tumeshangilia vya kutosha. Kazi ya lugha huanza pale mwalimu wa fizikia anapoitumia kumwuliza mwalimu wa fizikia.

Fikirini kidogo. Ukerewe kuna watoto wanaokua na mitumbwi. Lamu kuna waunda majahazi. Bukavu iko kando ya Ziwa Kivu. Katika sehemu zote hizo yuko mwalimu ambaye mwaka huu atafundisha kuelea na kuzama, na wanafunzi wake watajua jambo lenyewe na kushindwa maneno yake. Pengine mmoja wao amekwisha kupata njia: kuanza na chombo ufukweni, kwa Kiswahili, na kuingiza istilahi za mtihani siku ya tatu. Njia hiyo imekaa ndani ya daftari lake, na itastaafu pamoja naye.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu, nayo hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kwenu watumishi wa umma mnaosimamia elimu: tengeni maagizo na mazungumzo. Makundi ya kutuma takwimu yabaki, lakini yaanzishwe ya masomo, kwa lugha ya Kiswahili, yasiyoombwa ripoti yoyote, na kila kundi liwe na mwalimu mzoefu aliyepunguziwa vipindi ili kazi yake iwe kujibu na kuwaunganisha watu. Kupunguziwa vipindi ni neno zito, najua, shule zikiwa na upungufu wa walimu. Lakini mhudumu wa jumuiya asiyetengewa muda atajibu wiki 2 kisha atachoka, nasi tutasema walimu hawapendi kujifunza.

Kwenu wanaharakati: mnapohesabu madawati, matundu ya vyoo na vitabu, ongezeni swali moja katika dodoso zenu. Mwulizeni mwalimu ni lini mara ya mwisho alijadili somo lake na mtu mwingine anayelifundisha. Majibu yakikusanywa wilaya kwa wilaya, yatasema mengi ambayo asilimia za ufaulu hazisemi.

Kwenu wanafunzi wa ualimu, mtakaotawanywa mwakani kutoka Kyela hadi Kanga: msiondoke chuoni bila majina ya watu 10 wa somo lenu, wa mikoa tofauti, mlioahidiana kuandikiana. Andikeni kila mwezi, hata aya moja. Semeni mada iliyowashinda. Wa nchi jirani akijitokeza, mkaribisheni, lugha mnayo. Wajesuiti walianza na wenzi 10 waliojuana kwa majina, na waliotumwa mbali walilazimika kungoja jibu la barua kwa mwaka mzima na zaidi. Ninyi mnaweza kujibiwa kabla chai haijapoa.

Yule mwalimu wa fizikia nimemwunganisha na wawili niliowafundisha zamani, mmoja Ukerewe na mwingine Tanga. Wiki iliyopita aliniandikia kwamba wamebishana usiku mzima kuhusu jiwe la nanga na uzito wake ndani ya maji, na kwamba yule wa Ukerewe hakubaliani naye hata kidogo.